Kutambua Kasoro za Matiti Mapema: Picha, Sindano na Hadubini

Titi la mwanamke mzima limejengwa kwa tezi, mirija, mafuta na nyuzi zinazolishikilia. Tezi ndogo zinazotengeneza maziwa hukusanyika katika vishada, na kila kishada kina kijirija chake kinachomwaga kwenye mrija mkubwa unaoelekea chuchuni. Pale kijirija kinapokutana na kishada ndipo panapozaliwa karibu kila kitu kinachowashughulisha madaktari wa matiti: vifuko vya maji, fibroadenoma, ukuaji wa seli uliopita kiasi, na sehemu kubwa ya saratani zenyewe. Kwa kuwa chimbuko ni moja, vitu hivi hufanana sana vinapopapaswa kwa vidole.

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Msichana wa miaka 20 mwenye kinundu kigumu kinachoteleza chini ya kidole, uwezekano mkubwa ana fibroadenoma. Mwanamke wa miaka 45 aliyegundua ghafla uvimbe ambao wiki iliyopita haukuwapo, pengine ana kifuko cha maji. Mama anayenyonyesha mwenye homa na titi jekundu, huenda ana jipu. Lakini "pengine" na "huenda" havimtibu mtu. Zipo saratani zinazoteleza chini ya kidole, na zipo saratani zinazojifanya jipu, zikatibiwa kwa dawa za antibiotiki miezi mitatu mizima huku zikienea kwenye ngozi.

Utambuzi wa mapema una viwango viwili, na kuvichanganya kumezaa mipango mingi isiyofaa. Kiwango cha kwanza ni kuikuta kasoro kabla haijashikika kwa mkono, kwa mwanamke asiye na dalili yoyote. Hiyo ni kazi ya mamografia ya kupima watu wengi. Kiwango cha pili ni kumshughulikia upesi mwanamke ambaye tayari ameona uvimbe, ungali mdogo, tuseme chini ya sentimita 2, na haujafika kwenye tezi za kwapani. Nchi tajiri zimejadili kiwango cha kwanza kwa nusu karne. Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi hufika hospitali saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne, ina faida kubwa zaidi ya kuvuna katika kiwango cha pili.

Njia inayokubalika duniani ni uchunguzi wa pande tatu: mkono, picha na tishu. Kila upande una makosa yake, na makosa hayo hayafanani, ndiyo maana pande tatu zikikubaliana uwezekano wa kukosea huwa mdogo mno. Zisipokubaliana, kazi haijaisha, hata kama karatasi ya majibu imeandika kwamba hakuna saratani.

Mkono ndio unaoanza. Mtoa huduma aliyefundishwa humkagua mwanamke akiwa ameketi, kisha akiwa amelala na mkono umewekwa nyuma ya kichwa. Hupapasa kwa sehemu laini ya vidole vitatu, kwanza kwa wepesi, kisha kwa kukandamiza zaidi, kuanzia mfupa wa mtulinga hadi chini ya titi, na humalizia kwapani. Hatafuti uvimbe peke yake. Hutazama ngozi iliyobonyea au iliyojaa vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ndani siku za karibuni, ukurutu wa chuchu usiopona, na damu au majimaji yanayotoka kwenye tundu moja bila kukamuliwa. Maumivu si kipimo kizuri: uvimbe unaouma huwaleta watu hospitali mbio, ilhali saratani nyingi mwanzoni haziumi hata kidogo. Wanaume nao wamo, ingawa ni karibu asilimia 1 tu ya wagonjwa wote; kwao kinundu kigumu nyuma ya chuchu hakipaswi kuachwa hivihivi.

Picha ya eksirei ya titi, yaani mamografia, ilianzia kwenye matiti yaliyokwisha kukatwa. Mwaka 1913 daktari mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alichapisha kazi aliyoifanya kwa kupiga picha matiti takriban 3,000 yaliyoondolewa kwa upasuaji na kulinganisha picha hizo na hali ya tishu zenyewe. Tangu siku ya kwanza, basi, picha ya titi ilisomwa sambamba na nyama yake, na ni jambo la kusikitisha kwamba hospitali nyingi baadaye zilivitenga vitu hivyo viwili katika majengo yasiyosemezana. Raúl Leborgne wa Uruguay, katikati ya karne ya 20, alisisitiza kwamba titi libanwe wakati wa kupigwa picha, akaonyesha uzito wa vipunje vidogo vya kalsiamu. Robert Egan wa Houston aliandaa utaratibu ambao hospitali nyingine zingeweza kuufuata, na katika miaka ya 1960 Charles Gros wa Strasbourg, Ufaransa, alibuni mashine iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya matiti.

Mashine hiyo ilihitajika kwa sababu mafuta, tezi na saratani vinakaribiana mno katika kuzuia miale. Eksirei yenye nguvu inayotumika kifuani hupita katika vyote bila kuacha tofauti. Mamografia hutumia miale hafifu, na titi hubanwa kati ya mabamba mawili kwa sekunde chache. Wanawake hulalamikia kubanwa huko, na wana haki, lakini ndiko kunakotandaza tishu zilizolaliana, kuzuia picha isitikisike na kupunguza mionzi. Kila titi hupigwa picha mbili, moja kutoka juu kwenda chini na nyingine ya mshazari inayoingiza msuli wa kifua na sehemu ya kwapa. Mionzi yote kwa jumla ni karibu milisivati 0.4, sawa na ile ambayo mwili hupokea kutoka katika mazingira ya kawaida kwa majuma saba hivi.

Mtaalamu wa radiolojia anapoisoma picha hutazama kingo za uvimbe kabla ya ukubwa wake. Kingo laini za mviringo hutuliza moyo. Kingo zenye miiba hutia shaka, kwa kuwa miiba hiyo ni nyuzi ambazo uvimbe unazivuta huku ukijipenyeza kwa majirani. Hutazama pia mahali ambapo mpangilio wa tishu umevurugika bila uvimbe wowote kuonekana, na mahali ambapo titi moja halilingani na lenzake. Lakini sifa kubwa ya mamografia imetokana na vipunje vya kalsiamu, ambavyo hakuna kipimo kingine cha kawaida kinachoviona vizuri hivyo.

Vipunje hivyo, vingi vikiwa havifiki nusu milimita, havitokani na kalsiamu ya chakula. Seli zinapoongezeka kwa kasi ndani ya mrija, zile za katikati hukosa hewa na virutubisho, hufa, na mabaki yake hushika chumvi za kalsiamu. Mrija ukijaa mabaki hayo, picha huonyesha vijistari vyembamba vinavyogawanyika kwa kufuata umbo la mrija wenyewe. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili pekee ya saratani iliyofungika ndani ya mirija, ambayo haishikiki wala haimuumi mtu. Fibroadenoma iliyozeeka, kwa upande wake, hutoa mapande makubwa ya kalsiamu. Mishipa ya damu iliyokakamaa hutoa mistari miwili sambamba. Vifuko vidogo huwa na kalsiamu inayotuama chini, na picha ya ubavuni huionyesha ikiwa imejipinda. Haya huandikwa kwenye ripoti na kuachwa. Linalosumbua ni kundi la vipunje visivyo na umbo bayana, ambalo hakuna jicho linaloweza kulitolea hukumu mpaka sindano iingie.

Udhaifu wa mamografia ni kwamba tezi na saratani zote hutokea nyeupe. Katika titi la mafuta, ambalo hutokea jeusi, kinundu cha milimita 8 hujitokeza chenyewe. Katika titi lililojaa tezi hufichika kabisa. Uwezo wa kuiona saratani, unaozidi asilimia 85 kwenye matiti ya mafuta, unaweza kushuka hadi karibu asilimia 60 kwenye matiti mazito kabisa. Uzito huo hupangwa katika ngazi nne, A hadi D. Vijana huwa na matiti mazito zaidi, na Afrika Mashariki, ambako watu wengi ni vijana, wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hawajafika miaka 50. Mashine iliyojipatia sifa kwa kuwapima wanawake wa Uswidi wa miaka 60 hukutana huku na matiti ya aina nyingine. Mamografia ya matabaka, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, hupunguza tatizo kwa kulitazama titi vipande vipande, lakini haiondoi.

Ili ripoti zisiwe insha za kila mtu na lugha yake, Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitoa mwaka 1993 mfumo wa BI-RADS, ambao sasa hutumika sehemu nyingi za dunia. Namba 0 ni uchunguzi ambao haujakamilika. Namba 1 haina kitu, na 2 ina kitu kisicho na madhara. Namba 3 ni kitu ambacho uwezekano wake wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2, nacho hufuatiliwa kwa picha nyingine baada ya miezi 6. Namba 4 inadai tishu, ila ni pana mno, kutoka asilimia 2 hadi 95, ndiyo maana ikagawanywa kuwa 4A, 4B na 4C. Namba 5 huzidi asilimia 95, na 6 hupewa saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Katika zote, namba 3 ndiyo inayohitaji busara zaidi, kwa kuwa inafaa tu pale ambapo mgonjwa atarudi kweli. Mwanamke aliyetoka Ukerewe kwa meli hadi Mwanza, akaacha watoto na biashara, anapoambiwa arudi baada ya miezi 6 anapewa jibu lililoandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi jirani na hospitali. Kwa mwanamke huyo wa Ukerewe, kuchukua kinyama siku hiyohiyo mara nyingi ndiyo njia salama zaidi, hata kama kitabu kinaruhusu kungoja.

Ultrasaundi haina mionzi, ni nafuu, na mashine yake ipo hata kwenye hospitali nyingi za wilaya kwa sababu ya kliniki za wajawazito. Kwa titi inahitaji probu bapa ya masafa ya juu, megahezi 10 na zaidi. Probu iliyopinda ya kutazamia mtoto tumboni haitoshi. Ndicho kipimo cha kwanza kwa wanawake walio chini ya miaka 30, wajawazito na wanaonyonyesha, na ni msaidizi wa mamografia kwa waliobaki.

Kazi ambayo ultrasaundi huifanya vizuri kuliko kipimo chochote kingine cha bei yake ni kutenganisha maji na nyama. Kifuko cha maji hutokea cheusi tupu, ukingo wake mwembamba, na nyuma yake mwangwi hung'aa kwa kuwa sauti imepita bila kuzuiwa. Kikitimiza masharti hayo yote, shughuli imekwisha. Kikimsumbua mwenyewe, maji hunyonywa kwa sindano. Uvimbe wa nyama hutazamwa ulivyokaa. Fibroadenoma hulala sambamba na ngozi, upana wake ukizidi kimo, kwa sababu inakua kwa kusukuma tishu bila kuvunja mipaka yake. Saratani huvunja mipaka hiyo, na mara nyingi husimama wima, kimo kikizidi upana, kingo zikiwa zimechanika na kivuli kikianguka nyuma yake. Mwaka 1995 Thomas Stavros na wenzake nchini Marekani walichunguza vinundu 750 vya nyama na kuonyesha kwamba alama hizi, zikitumiwa kwa ukali, zinaweza kuwatenga wengi wasio na saratani kwa usahihi mkubwa. Ukali ndio wenye thamani hapo. Alama moja tu ya shaka inatosha kukitoa kinundu katika kundi la walio salama.

Probu hupelekwa pia kwapani. Tezi ya limfu yenye afya ina gamba jembamba na kiini cha mafuta. Gamba likinenepa na kiini kikatoweka, tezi hiyo nayo huchomwa sindano. Udhaifu wa ultrasaundi ni kwamba vipunje vya kalsiamu huiponyoka, na jibu hutegemea sana mkono ulioshika probu. Hata hivyo mkono hufundishika: katika hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, wauguzi na madaktari wasio mabingwa wamefundishwa ultrasaundi ya matiti ili mgonjwa asingoje mtaalamu wa radiolojia.

Kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku na dawa ya gadoliniamu inayodungwa mshipani, huona kuliko vyote kwa kuwa saratani hujitengenezea mishipa mingi ya damu na kuivuta dawa hiyo haraka. Huwafaa hasa wanawake waliorithi kasoro za jeni za BRCA1 au BRCA2. Kwa wengine hung'arisha mno vitu visivyo saratani, na bei yake inajulikana.

Picha, iwe nzuri namna gani, haimpi mtu jina la ugonjwa. Kumkata mwanamke titi au kumwanzishia dawa za saratani kwa kutegemea picha peke yake ni kosa la kitabibu, na bado hutokea. Jina la ugonjwa hutoka kwenye tishu.

Njia ya zamani na nyepesi ni kufyonza seli kwa sindano nyembamba, namba 22 hadi 25, namba ikipanda sindano ikipungua unene. Huingizwa kwenye uvimbe, huchezeshwa mbele na nyuma mara kadhaa, na kilichopatikana hupakwa kwenye slaidi. Slaidi nyingine hukaushwa hewani kwa rangi ya Giemsa, nyingine hutumbukizwa papo hapo kwenye alkoholi kwa rangi ya Papanicolaou. Panapokuwa na mtaalamu wa saitolojia karibu, jibu hupatikana kabla mgonjwa hajaondoka. Mfumo wa Yokohama, ulioandaliwa na Chuo cha Kimataifa cha Saitolojia, huyapanga majibu katika makundi matano: sampuli haitoshi, si saratani, seli zisizo za kawaida, shaka ya saratani, na saratani. Kasoro ni kwamba seli zilizotawanyika hazionyeshi zilikuwa zimekaaje. Mtaalamu anaweza kuona kwamba ni za saratani bila kujua kama zilikuwa bado ndani ya mrija au zilikwisha kuvunja ukuta na kutoka, na tiba ya hali hizo mbili si moja.

Kwa hiyo biopsi ya sindano nene imechukua nafasi ya kwanza pale inapowezekana. Ngozi husafishwa, ganzi hudungwa, na kitundu cha milimita 2 au 3 hufunguliwa kwa ncha ya kisu. Kifaa chenyewe, ambacho wengi hukiita bunduki ya biopsi, kina springi. Kikifyatuliwa, sindano namba 14 huruka mbele kwa kasi na kukata kinyama chembamba kinachofika kama sentimita 2 kwa urefu. Mtaalamu mzuri hukifyatua kwanza hewani ili mgonjwa ausikie mlio, asije akashtuka sindano ikiwa ndani. Sindano huelekezwa kwa ultrasaundi, ikilazwa sambamba na ukuta wa kifua ili isitoboe pafu, na hukata vipande vinne hadi sita. Vikitiwa kwenye chupa ya formalini, vinavyoelea huwa ni mafuta na vinavyozama huwa na tezi au uvimbe. Muuguzi mzoefu hujua palepale kama sindano ilifika penyewe. Kisha kidonda hukandamizwa dakika 10 na kufungwa plasta.

Pale ambapo kuna vipunje vya kalsiamu tu, ultrasaundi haisaidii. Sindano huongozwa na mamografia yenyewe, mara nyingi kwa kifaa kinachovuta tishu kwa mfyonzo, na vinyama hupigwa eksirei kabla mgonjwa hajaondoka mezani. Kama vipunje havimo kwenye vinyama, hakuna maana ya kuvipeleka maabara. Kidude kidogo cha chuma huachwa mahali pale ili mpasuaji aweze kupapata baadaye.

Watu wengi huamini kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa, na imani hiyo imewafanya wengi waikimbie sindano na kurudi mwaka mmoja baadaye. Seli chache huweza kweli kubaki kwenye njia ya sindano, lakini hilo halijaonekana kupunguza uhai wa wagonjwa. Imani yenyewe ina chanzo kinachoeleweka: jirani alichomwa sindano, akafariki baada ya miezi michache. Alichomwa kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea.

Kinachofuata ndicho kinachosahaulika zaidi. Tishu iliyotoka mwilini huanza kuoza mara moja, na formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa ndiyo inayousimamisha uozo huo. Tishu inatakiwa kuingia humo ndani ya saa moja, formalini ikiwa na ujazo wa angalau mara kumi yake, na ikae humo kati ya saa 6 na 72. Kipande chembamba cha sindano hulowa upesi. Titi zima lililokatwa, likisukumwa kwenye chombo kidogo chenye formalini vikombe viwili, huoza katikati huku likionekana zima kwa nje. Protini zinazotafutwa baadaye, hasa vipokezi vya estrojeni, hupotea, na mgonjwa huandikiwa kwamba hana vipokezi hivyo ilhali alikuwa navyo. Hii ni sehemu ya sababu zilizofanya tafiti zilizotegemea tishu za akiba za Afrika kuonyesha saratani zenye vipokezi kuwa chache kuliko tafiti zilizokusanya tishu upya kwa uangalifu. Mwanamke wa namna hiyo hukosa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu ambacho kingemfaa kwa miaka mingi.

Maabara huiondolea tishu maji kwa alkoholi, huisafisha kwa zailini, huizamisha katika nta, kisha huikata kwa mashine katika matabaka ya mikroni 3 hadi 5. Rangi mbili, hematoksilini na eosini, hutia viini vya seli bluu na sehemu nyingine waridi. Mwanapatholojia huanza kutazama kwa lenzi ya chini, akisoma mpangilio kabla ya seli moja moja. Mrija wenye afya una safu mbili: ya ndani inayotoa maziwa, na ya nje ya seli zinazojikunja kuyasukuma. Safu ya nje ikiwapo pande zote, ugonjwa haujatoka nje ya mrija. Ikikosekana, na seli zikawa zimetawanyika kwenye nyuzi, saratani imevamia. Panapokuwa na utata, rangi za kinga kama p63 huitafuta safu hiyo.

Kati ya mrija wenye afya na saratani kuna ngazi kadhaa, na ngazi hizo hazina mipaka iliyochorwa na maumbile. Seli zikiongezeka tu bila kubadilika sura, hatari ya baadaye huongezeka kidogo. Zikiongezeka na kuanza kufanana kupita kiasi, huitwa ukuaji usio wa kawaida, nao huongeza hatari mara nne hivi, kama walivyoonyesha Dupont na Page mwaka 1985. Zikijaza mirija miwili au zikatanda zaidi ya milimita 2, hupewa jina la saratani iliyofungika ndani ya mirija. Milimita 2 ni makubaliano ya watu. Wataalamu wawili waaminifu wanaweza kutofautiana juu ya slaidi moja, na ndiyo sababu slaidi za mpaka huo hutakiwa kuonwa na zaidi ya mtu mmoja. Sindano nayo huchukua sehemu tu: ikionyesha ukuaji usio wa kawaida, mara nyingi mpasuaji hushauriwa aondoe eneo lote, kwa sababu saratani huweza kuwa imejificha sentimita moja pembeni. Vivyo hivyo kwa uvimbe wa filodesi, ambao katika kipande cha sindano huweza kufanana kabisa na fibroadenoma. Kasi ya kukua kwake ndiyo inayomshtua daktari.

Saratani vamizi ikithibitishwa, hupewa daraja kwa mfumo wa Nottingham, ulioboreshwa na Elston na Ellis mwaka 1991. Alama 1 hadi 3 hutolewa kwa kila moja ya mambo matatu: seli bado zinaunda mirija kiasi gani, viini vimetofautiana kiasi gani, na seli ngapi zinagawanyika. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la kwanza, 6 au 7 la pili, 8 au 9 la tatu. Kisha hutafutwa vipokezi vya estrojeni na projesteroni, ambavyo asilimia 1 ya seli inatosha kuhesabiwa kuwa vipo, pamoja na protini ya HER2, inayopimwa 0 hadi 3. Ripoti isiyo na vipimo hivyo humwacha daktari wa tiba akibahatisha.

Baada ya ripoti kutoka, picha na tishu huwekwa pamoja mezani. Kama picha ilikuwa BI-RADS 5, yenye miiba, na biopsi ikasema ni mafuta yaliyokufa, mtu aliyeitazama picha hana ruhusa ya kulala. Ama sindano ilikosa, ama picha ilidanganya, na njia ya kujua ni kuchukua tena. Kama picha ilionyesha kinundu cha mviringo na biopsi ikasema fibroadenoma, mgonjwa anaweza kurudi nyumbani. Kikao hiki cha wataalamu hakihitaji mashine yoyote, na ndicho kinachorukwa kirahisi kuliko vyote, hasa pale ambapo picha imepigwa zahanati binafsi na kinyama kimesomwa mji mwingine.

Juu ya faida ya kuwapima wasio na dalili, mjadala haujaisha. Jaribio la New York lililoanza mwaka 1963, na lile la mikoa miwili ya Uswidi lililoanza mwaka 1977, yalionyesha vifo kupungua. Jopo huru la Uingereza lililoongozwa na Michael Marmot lilihitimisha mwaka 2012 kwamba wanawake 10,000 wakialikwa kuanzia miaka 50 kwa miaka 20, vifo 43 huzuiwa na wanawake 129 hupewa tiba ya saratani ambayo isingewadhuru maishani mwao. Kujipapasa mwenyewe kwa ratiba kulijaribiwa Shanghai kwa wanawake zaidi ya 266,000, na vifo havikupungua. Kilichoongezeka ni biopsi za uvimbe usio na madhara. Mumbai, mkono wa mtoa huduma aliyefundishwa ulijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 150,000, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha vifo kupungua kwa karibu asilimia 30 kwa walio na miaka 50 na zaidi. Kwa Afrika Mashariki matokeo ya Mumbai yana uzito kuliko yote hayo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, halikushauri mamografia ya watu wote kwa nchi zenye mifumo dhaifu ya afya. Lilitaka kwanza wenye dalili watambuliwe upesi. Mpango wake wa mwaka 2021 umeweka malengo matatu: angalau asilimia 60 ya saratani vamizi zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na asilimia 80 wamalize tiba. Utafiti wa ABC-DO, uliofuatilia wagonjwa wa nchi kadhaa za Afrika ikiwemo Uganda, ulikuta karibu nusu tu wakiwa hai baada ya miaka mitatu. Siku 60 hizo hazipotei kwenye mashine ya mamografia. Hupotea kwenye zahanati inayosema ni maziwa yaliyoganda, kwenye nauli ya safari ya pili, na kwenye foleni ya maabara, kwa sababu nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zina mwanapatholojia asiyefika hata mmoja kwa kila watu 500,000. Butaro ilianza kwa kusafirisha tishu hadi Boston, kisha ikapata maabara yake na kutuma picha za slaidi kwa mtandao.

Programu za akili bandia zimeingia katika shughuli hii upande wa picha. Jaribio la MASAI la Uswidi, lililotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2023 kutoka kwa wanawake zaidi ya 80,000, lilipunguza kazi ya kusoma mamografia kwa asilimia 44 bila saratani zilizogunduliwa kupungua. Programu za kusoma slaidi nazo zinajaribiwa. Hizo zinahitaji slaidi iliyokatwa vizuri kutoka kwenye tishu iliyoingia formalini kwa wakati, na kazi hiyo bado ni ya muuguzi aliyesimama kando ya kitanda na mtaalamu wa maabara aliye mbele ya mashine ya kukatia.